Nilikata Vifungo vya Koti Nililoambiwa Nilichome

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Silisukumi kwa shetani wala kwa vita. Miaka yote hii watu wamenipa pole, na sikustahili hata moja!

Nilikuwa na ugonjwa wa vifungo. Usicheke. Wengine hupenda vitenge, mimi nilipenda vifungo vya zamani: vya kombe, vya kioo, vya fedha vilivyotoka kwenye vizibao vya wafanyabiashara wa kale wa ziwa. Jirani yangu hapa mtaani Kimanga, Uvira, nimwite Mama Zaina, alirithi vingi kwa babu zake, na ndiye aliyenifundisha kuvipima. Cha kombe ukikigusisha shavuni kinabaki baridi. Cha plastiki hushika joto mara moja. Akanifundisha pia kwamba vifungo vya nguo moja havitenganishwi. Vikiwa kamili vina thamani, kimoja kimoja ni vya kuchezea watoto.

Uhuru ulipofika, shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliacha jeshi la Wabelgiji akarudi kulima mihogo. Koti lake la jeshi alilihifadhi. Kisha uasi ukaingia Uvira, na waliowatumikia wazungu wakawa wanasakwa nyumba kwa nyumba. Watu walichoma picha, vyeti, kofia. Shemeji akaniletea lile koti jikoni.

"Choma yote, shemeji," aliniambia. "Kusibakie hata kipande."

Nikalichoma. Lakini vile vifungo! Shaba tupu, kila kimoja kina simba aliyesimama, kazi safi ambayo sijaiona tena. Nikavikata, nikavisugua kwa majivu na ndimu, nikavitunga kwenye uzi mmoja kama nilivyofundishwa, nikavitia kwenye kopo langu. Nilimwonyesha Mama Zaina peke yake. Alishtuka, akanisihi nivitupe ziwani siku ileile. Nikaitikia, na sikuvitupa. Tamaa ilinipofusha!

Waasi walikuja asubuhi. Mume wangu alikuwa amempeleka mama yake milimani. Walipita kwanza kwa Mama Zaina kuomba maji, akawapa. Nani angewanyima? Kisha wakaingia kwangu kutafuta redio, wakamwaga kopo langu mkekani. Vifungo vingine hawakuvijali. Ule uzi ndio waliouinua.

"Hii vifungo iko ya nani?"

Nikasema nimeviokota. Mkubwa wao akaniuliza ni barabara gani hiyo inayoangusha vifungo vya koti zima, vyote vya namna moja. Ningevichanganya na vingine huenda angeamini. Akaniwekea mkuki shingoni.

Shemeji alikuwa nyuma ya nyumba akimenya mihogo. Angeweza kukimbia, jamani! Alitoka, akavitazama vile vifungo, akanitazama mimi. Hakunitukana.

"Muache huyu mama," alisema. "Iko yangu mimi mwenyewe."

Wakamchukua upande wa mto Mulongwe. Hatukupata hata mwili wa kuzika.

Mume wangu aliporudi nilimwambia tu kwamba walikuja wakamchukua. Akataka kujua nani amemchongea kaka yake. Watu wakakumbuka waasi walikunywa maji kwa Mama Zaina. Nikanyamaza. Nilinyamaza! Wakamvunjia mlango, wakamwaga vitu vyake matopeni, wakamwita muuaji, na mume wangu akiwa mbele yao. Mama Zaina alijua kila kitu. Angeweza kunitaja pale pale, lakini labda aliona wangeniua. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Sema weye," aliniambia.

Sikusema. Akavuka mpaka wa nchi pale Kavimvira na furushi lake, akafia ng'ambo akiwa na jina la msaliti.

Wewe unayependa vitu vya zamani, vipende, lakini kabla hujakadiria bei, uliza nani alivivaa na yuko wapi. Na kama umekosa, sema siku hiyohiyo. Nilidhani ninaiokoa ndoa yangu, kumbe nimeishi na mume ninayemwogopa, naye hajui kwa nini.

Jina langu nimelificha. Lakini mume wangu husoma kila karatasi inayoingia humu ndani, na akifika kwenye uzi wa vifungo vya simba ataelewa ni nani ameandika. Sitakimbia. Nitakuwa jikoni, namngoja aje aniulize.