Matope ya Mji wa Mbali

Mama yangu hakuutaka mtambo wa umeme. Kijijini kwetu, milimani juu ya Same, maji ya mfereji hujikusanya usiku kwenye ndiva, bwawa letu la udongo, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Aliposikia kwamba maji hayo yatapitishwa kwanza kwenye mtambo, akawaza maharage yake tu. "Utayanywa yote mtambo huo," alisema, na mama akishasema, basi.

Pesa za mtambo zilitoka mji mmoja wa Ulaya. Mgeni wao, dada mpole wa Kiswahili cha kubabaisha, alikuja kueleza. Alimwamkia mama, akasema kwao baridi ni kali, wanachoma gesi nyingi kupasha nyumba joto, na moshi wao wameshindwa kuumaliza wote. Kwa hiyo wanasaidia huku, ili mashine yetu ya kusaga iache dizeli, moshi upungue hata kama si wa kwao. Mimi niliona ni ujanja wa matajiri, nikanuna. Mama alimsikiliza vizuri kuliko mimi.

"Kumbe mnataka kutumia ndiva yetu," akamwambia. "Basi kesho njoo msaragambo."

Msaragambo ni kazi ya wote: pembe inalia, kila nyumba inatoa mtu, tunazoa matope bwawani. Asiyezoa hapewi zamu ya maji. Mgeni alikuja, akavua viatu, akazama hadi magotini. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma, naye akacheka. Mama akampimia sehemu yake kwa mpini wa jembe, sawa na ya kila nyumba. Jioni akaukubali mtambo.

Mtambo ulipowashwa, mama alishinda kiangazi kizima mferejini akitazama. Maji yaliingia kwenye mtambo, yakatoka, yakayafikia maharage yake kama zamani. Nilimpenda sana siku aliyorudi nyumbani hana la kulalamikia.

Msimu uliofuata, kwenye msaragambo, mgeni hakuwepo. Mama akamaliza sehemu yetu, akahamia ya pili. "Ya wale wa baridi," alisema. "Wakinyimwa zamu watafanyaje?" Akaendelea hivyo kila msimu, wala hakuna aliyethubutu kumtania.

Mwaka huu magoti yamemkatalia. Alikaa ukingoni na kitenge mabegani, nikazoa mimi. Nilipomaliza sehemu yetu nikapanda kunawa, mgongo ukiniwaka moto.

"Na ya wale?" akauliza.

Nikarudi matopeni.