Cheche Alizoziona Stela

Juzi, pale Kanyenye, nilimwona fundi akikagua plagi ya pikipiki, na harufu ya petroli ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni, nyumbani Itetemia. Pikipiki ya baba ilikuwa ikikohoa na kuzimika. Baba alipiga kiki, mdogo wangu Stela akatazama kama plagi inatoa cheche. Mimi sikuitwa. Niliamini cheche zinaonekana na mtoto anayependwa tu. Baba alipoingia ndani kunywa maji, Stela akimfuata, wivu ukanituma nikachomoa waya mmoja chini ya tangi. Cheche zikapotea kabisa. Kumbe niliwapa kazi ya kuinamia pikipiki pamoja mpaka jua likapoa. Hatimaye baba aliuona ule waya, akanigeukia.

“Ungesema tu, mwanangu, kwamba nawe unataka kuangalia.”

Nililia zaidi kuliko ambavyo ningelia kama angenichapa.