Jani la Isale kwa Binti wa Hema la Mwisho

Leo asubuhi nimemwomba msamaha binti wa miaka ishirini hivi, na yeye hajui kama ameombwa.

Yeye na wenzake walikuja huku Kilema kwa tamasha la muziki. Uwanja ukajaa, nikawaruhusu wapige kambi kihambani kwangu, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba. Mahema matatu, vijana sita! Tangu mke wangu afariki, migomba yangu haijasikia vicheko kama vile.

Jana jioni nikakuta wameanika mataulo juu ya kaburi lake. Nikafoka: "Kesho mfungashe, muondoke!"

Kulipokucha hasira ilikuwa imekwisha. Kaburi halijajengewa bado, limezungukwa na masale tu. Wangejuaje?

Kwa msiofahamu, isale ni mmea wa majani marefu. Kwetu Wachaga, ukimkosea mtu unampelekea jani lake lililofungwa fundo, naye hawezi kukunyima msamaha.

Basi nikakata jani, nikalifunga, nikaenda. Binti mmoja alikuwa anakunja hema la mwisho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Nikampa.

"Jamani, zuri! Asante babu!" Akalichomeka kwenye nywele. "Njoo tupige selfi."

Nimefundisha darasani miaka mingi, lakini pale nikajipanga tu mbele ya simu yake. Nilitaka tu kusema, "Kaeni hadi tamasha liishe."

Gari lao likapiga honi, akakimbia.

Mliokulia huku, niambieni: nimesamehewa, au bado?

Na mlio karibu, piteni nyumbani. Nimepika mtori wa watu saba.