Rejeta Niliyokataa Kuibadilisha

Jicho la kulia la mama lilikuwa limekwisha kupotea, na la kushoto nalo likaanza kuingia ukungu. Waliompima walisema ni mtoto wa jicho, anatolewa. Madaktari wa macho wangekuja mjini Machakos kwa siku tatu tu, na jina la mama lilikuwa kwenye orodha ya siku ya mwisho. Mwisho wa kupokewa siku hiyo ni saa nne asubuhi. Ukichelewa, unangoja mpaka warudi, na hakuna aliyejua watarudi lini.

Dada yangu anayeishi Syokimau alinipigia simu, akasema angetafuta teksi ya kumtoa mama kijijini Kalama. Nilimkatalia. Mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye mwenye gari, na mama yangu hangepelekwa hospitalini na mtu wa kukodiwa kana kwamba hakuzaa. Nilisema hivyo, tena kwa sauti ya juu.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, rejeta ikaanza kuvuja.

Pikapu yangu ni kuukuu, na rejeta yake ni ya shaba, zile za zamani. Niliona kidimbwi cha rangi ya kutu chini ya pua ya gari asubuhi nikielekea kazini. Muuza vipuri aliniambia ninunue nyingine niache kujisumbua, lakini zile alizonazo zilikuwa zimetolewa kwenye magari mengine, na kwa macho yangu zilikuwa zimechoka kuliko yangu. Nikasema hii hii itatengenezwa. Mwalimu mwenzangu akanishauri nivunje mayai mawili humo ndani, yataiva na kuziba tundu. Mimi nafundisha sayansi. Najua yai likipata joto huganda, basi hoja ikaniingia. Nikatia matatu, kwa sababu mawili niliyaona machache.

Gari lilitembea siku mbili bila kudondosha tone. Siku ya tatu likavuja tena, na sasa lilikuwa linanuka kama jikoni.

Nikaenda Mumbuni kwa fundi ambaye kazi yake ni rejeta tu. Aliifungua, akaiziba midomo, akaitumbukiza kwenye pipa la maji na kuipuliza kwa pampu. Mapovu yakatoka mahali panne.

"Mwalimu, umekuwa ukiweka maji gani?"

"Ya kisima."

"Ndio hiyo imekula. Hiyo maji iko na chumvi mingi. Na hii nyeupe ni nini?"

Akaikwangua kwa bisibisi, akainusa.

"Ni mayai! Sasa mwalimu, ulikuwa unatupikia chapo mayai?"

Wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi walicheka mpaka wakashikana. Nilitamani kumjibu vibaya, ila rejeta ilikuwa mikononi mwake.

Kuhusu maji, alisema kweli. Kwetu kijijini maji ya mvua hayapewi gari. Tanki la mama lina kufuli, na ya humo ni ya chai na ya kunywa. Ng'ombe, nguo na pikapu hupata ya kisima, yale yanayoacha weupe kwenye sufuria. Miaka kumi na moja nimeinywesha chumvi, na sijawahi kuona kosa.

Fundi aliifunga mirija miwili iliyokuwa imeoza kabisa, akayachomelea matundu mengine kwa risasi iliyoyeyushwa, akaitumbukiza tena. Hakuna povu. Alipoirudisha kwenye gari aliniinulia vidole vitatu.

"Ndani ya injini bado kuko na mayai. Weka maji safi, washa mpaka ipate moto, zima, ikipoa umwage. Mara tatu. Usiniletee mambo ya mara mbili, mwalimu."

Nyumbani kwangu mabomba yalikuwa makavu wiki nzima, na tulikuwa tumebaki na mapipa mawili ya maji. Mara ya kwanza yalitoka machafu, nikayamwaga. Mara ya pili nilikinga kwa beseni, nikayatazama. Yalikuwa karibu kuwa safi. Mvua ilikuwa bado mbali. Nimelelewa na mwanamke aliyeosha mboga, akanawia miguu maji yale yale, kisha akaunyweshea mpapai. Mkono wangu ulikataa kumwaga. Nikayaacha yatulie, nikayachuja kwa kitambaa, nikayarudisha kwenye rejeta, nikahesabu hiyo kuwa ya tatu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi ndiye alisema uchuje?"

"Maji ni maji," nikamwambia.

Siku ya hospitali niliondoka alfajiri kwenda kumchukua mama. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, kitambaa kichwani, na amejipaka mafuta hadi miguuni. Njiani aliniuliza maswali ya watu wanaotolewa mtoto wa jicho: kama inauma, kama ataona siku hiyo hiyo. Tulipoanza kupanda mlima, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Nikazima redio, kana kwamba redio ndiyo iliyokuwa ikilichosha gari. Kabla hatujafika juu, mvuke ukatoka mbele, nikasimama. Rejeta yenyewe ilikuwa kavu kwa nje, haivuji hata kidogo. Ilikuwa imezibika ndani, kwa mayai yale yale.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Jirani mmoja wa Kalama aliyekuwa akielekea mjini kwa gari lake akapunguza mwendo kando yetu.

"Niko na nafasi moja. Nimpeleke mama?"

Mama alikuwa ameshafungua mlango na kuteremsha mguu mmoja, anapapasa ardhi.

"Hapana," nikasema. "Inapoa sasa hivi. Ni dakika kumi tu."

Mama akaurudisha mguu ndani, akafunga mlango.

Hazikuwa dakika kumi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiswaga punda wenye mitungi alinipa mtungi mzima wa maji aliyoyateka mbali, nikashindwa hata kumtazama usoni. Tulitembea kidogo, gari likachemka. Tukangoja, tukatembea, likachemka tena. Nilimtukana fundi, nikamtukana aliyenishauri mayai, nikaupiga usukani kwa kiganja. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao, na wangu alikuwa ameketi kando yangu, mikono mapajani.

Tulifika saa tano kasorobo. Muuguzi alikuwa anakunja meza. Nilimweleza habari ya gari, nikapandisha sauti, nikamwambia huyu ni mzee, kwani yeye hana hata huruma. Mama akanivuta mkono wa shati.

"Mwanakwa, wacha. Si makosa yake."

Tuliketi kwenye benchi nje. Simu yangu ikalia, nikaona ni dada, nikaiacha ilie mpaka ikakata. Kisha ya mama ikaita. Aliitoa kwenye mkoba akaninyooshea, kwa sababu haoni pa kubonyeza. Nikambonyezea, nikamrudishia.

"Hapana, hatukupata," alimwambia dada. "Ni mimi. Niliamka na tumbo mbaya, nikamwambia kaka yako tungoje kidogo."

Sauti ya dada ilitoka kwenye simu hata mimi nikaisikia. Alimgombeza. Alimwuliza kwa nini hakumeza dawa, kwa nini hakumpigia yeye, kama alidhani madaktari wale ni wa kuja kila siku. Mama aliitikia: ndiyo, ni kweli, ndiyo, nisamehe. Simu ilikuwa mkononi mwake, karibu kabisa na mkono wangu. Sikuichukua.