Mashua ya Mama Ednah Yapata Injini

Watu wa Kiambere wakikwambia mimi, Njue, nilitengeneza mashua kichwa chini miguu juu, waambie wakome. Mimi ni fundi wa mikokoteni ya ng'ombe. Mashua nimegusa moja tu, ya Wambeti, yule tunayemwita Mama Ednah, na hiyo nayo alinilazimisha.

Huyu mama alivusha watu bwawani kwa makasia miaka kumi na tisa, kutoka kwetu Mbeere hadi ng'ambo ya Ukambani. Alibeba mbuzi, magodoro, hata maharusi, na aliwagombeza wote sawasawa. Kisha bega la kulia likagoma. Daktari akamwambia makasia basi. Thuranira, mchuuzi wa samaki kutoka Meru, akaitaka mashua.

"Nimenunua injini," Mama Ednah akamjibu. "Isiposukuma Jumamosi, chukua mashua."

Alisema hivyo akicheka, lakini usiku ule hakula. Bintiye Ednah mwenyewe aliniambia.

Injini ilikuwa mpya, inang'aa. Mashua ilikuwa kuukuu. Ubao wa nyuma, pale injini inapofungwa, ukiubonyeza kwa kidole unatoa maji. Nikaung'oa, nikaweka wa mukau, mti wetu usioliwa na mchwa, nikaukaza kwa boliti. Sasa, kwenye mkokoteni ekseli ikikaa chini inagonga mawe, na bwawa lile limejaa visiki. Kwa hivyo nikaupandisha ubao viganja viwili, injini ikae salama. Nilijiona fundi kwelikweli.

"Njue, si imekaa juu mno?"

"Mama Ednah, nani fundi hapa?"

Jumamosi watu wakajaa ufuoni. Mama Ednah akavuta kamba ya injini. Injini ikanguruma, propela ikapiga hewa na povu, mashua ikabaki palepale. Wee! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Thuranira akaanza kukunja suruali aingie majini kuchukua mali yake. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mama Ednah hakunitukana. Angenitukana ningeona afadhali. Aliinama akachungulia ile propela, halafu akawageukia kina mama wa kwaya waliokuwa wakingoja kuvuka.

"Wanene wote, nyuma!"

"Nani mnene?" mmoja akafoka.

"Leo ninyi ndio waokozi wangu. Kaeni!"

Wakaingia sita, wakisukumana kwa vicheko. Nyuma ikadidimia, propela ikapata maji, mashua ikachomoka. Haki ya Mungu, nilipiga kelele hadi sauti ikakauka! Thuranira akakunjua suruali yake polepole.

Jumatatu nikaupunguza ule ubao viganja viwili, bila maneno mengi. Mama Ednah akanichukua ng'ambo tuijaribu, sisi wawili tu. Tukirudi, yeye nyuma ameshika mkono wa injini, akakaza macho mbele ghafla. Nikadhani nimeharibu tena. Kumbe anaitazama nyumba yake ya mabati pale kilimani, machozi yanamtiririka na huku anacheka.

"Njue, kwa makasia unakaa mgongo ukielekea unakokwenda," akasema. "Miaka yote hii, kila nikitoka, naiona nyumba yangu ikiniacha. Sijawahi kuiona ikinijia."

Nikageuza uso upande mwingine. Mimi pia nilikuwa nalia.