Uzito wa Zaina

Juzi, kwenye harusi huko Rohero, nilimwona mpiga picha akining'iniza kidumu cha maji kwenye stendi ya taa ili upepo usiiangushe. Nikamkumbuka baba akipiga picha za harusi uani Buyenzi, alasiri iliyonukia pilau na oili chafu ya magari. Mfuko wake wa mchanga, wa kuzuia stendi isianguke, ulikuwa umepasuka.

"Zaina, mama, kuja ukalie huu muguu wa stendi," alimwambia dada yangu.

"Na mi, baba?"

"We apana. Uko mwepesi."

Nilidhani mwepesi ni mtoto asiyependwa. Nikajaza mawe mifukoni mwa gauni, nikarudi nikiburuta miguu. Baba alicheka tu.

Sasa najua alihitaji kilo za Zaina. Lakini kila alipopita alimpapasa kichwa, na wivu ule haujanitoka.