Ua la Krismasi Lisilo na Mulamula

Nilijifunza kuchora kwa kompyuta katika umri ambao wenzangu wanajifunza kupima sukari. Nina shahada mbili na makala nyingi ambazo mke wangu husema zinafaa kufungia karanga. Kwa hiyo Mama aliponipigia simu kutoka Izigo, msimu wa senene, akiomba nimtengenezee bango la kutundika ukutani siku ya Krismasi, niliona kwamba hatimaye kuna mtu anayehitaji kipaji changu.

"Liwe na ua jekundu," alisema. "Kaka yako na mdogo wako wamekubali kula meza moja. Nataka wakute pamependeza."

Hawakuwa wamekula pamoja kwa miaka miwili.

Baba alipofariki, wazee wa ukoo waligawa kibanja, yaani shamba la migomba, kati ya kaka yetu mkubwa na mdogo wetu wa mwisho. Mimi wa katikati nilikuwa nimeshapewa kiwanja Nyanga, mjini Bukoba, kwa hoja kwamba migomba humdharau mtu aliyesoma. Mpaka wao ulikuwa mulamula ambao Baba aliuchomeka mwenyewe kabla ya kufa, ule mti mwembamba wenye majani marefu, uliosimama karibu na jiwe kubwa ambalo Baba alikuwa akinolea mapanga. Kwetu mulamula hauhitaji hati. Unachomeka kipande ardhini, kinaota, na kikishaota neno limesemwa. Anayeung'oa ni sawa na aliyefukua kaburi.

Kaka hakuung'oa. Alipanda ua la Krismasi hatua moja mbele yake, ndani ya upande wa mdogo, akasema ni pambo. Mdogo aliliangalia likipanda hadi kiunoni, hadi begani, na kila lilipokua aliona mpaka unatembea. Asubuhi moja akalikata. Wanaojua ua hilo wanajua kwamba likikatwa linatoka utomvu mweupe kama maziwa. Panga lake lilikuwa bado linachuruzika utomvu huo Kaka alipomtokea nyuma na mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilivunja taya. La pili na la tatu sijui yalikuwa ya nini. Nilipofika kutoka Bukoba nilimkuta mdogo wangu ameinama juu ya bakuli la uji, anatema meno ndani yake, na Mama anayaokota mojamoja na kuyafunga kwenye kitambaa.

Wazee walikaa. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi, kwa sababu siku Baba anachomeka mulamula ule nilishika kamba ya kupimia. Nikasema mpaka ni mulamula. Kaka akalipa faini ya mbuzi na pombe, na ua likaachwa, maana lilikuwa limeshachipua tena kwenye kovu, mashina mawili.

Sasa turudi kwenye sanaa yangu.

Video za mtandaoni zilinifundisha kwamba anayeanza asichore kutoka kichwani. Unaweka picha chini, unafungua tabaka jipya juu yake kama karatasi ya kioo, halafu unapita na kalamu ya programu, nukta baada ya nukta, ukikunja mstari. Nilikwenda Izigo mwezi huo kumsalimia Mama, nikapiga picha ya ua la Krismasi nililolikuta. Kulikuwa na moja tu.

Nilichora wiki tatu. Nilikuwa sijui kwamba ule wekundu ni majani, si petali. Maua yenyewe ni vile vitone vya manjano katikati. Nilichora jani moja vizuri, nikalinakili, nikazungusha nakala, nikachoka na ulinganifu wake, nikarudi kwenye picha na kufuata kila jani lilivyojipinda. Nikachora mashina mawili. Nikachora hata jiwe la Baba nyuma yake, pamoja na ule mbonyeo wa kunolea, kwa kuwa kivuli chake kilinitoka vizuri na nilitaka watu wakione.

Tatizo lilikuwa mulamula. Ulikuwa umesimama katikati ya jiwe na ua, na majani yake yalikuwa na umbo la mapanga, manane au tisa, yameelekezwa juu. Bango la Krismasi lenye mapanga! Nilikuwa nimeuweka kwenye tabaka lake peke yake. Nikabonyeza alama ya jicho, ukatoweka. Nilijisifu kwa jicho langu la kisanii, nikapeleka kazi mjini ikachapishwa kwenye turubai jepesi, mita mbili kwa moja.

Siku ya Krismasi tulitoka misani wote. Kaka alikuwa ameshika mkono wa Mama. Mdogo alivua shati jeupe, akaanza kukata mbavu za mbuzi juu ya gogo mbele ya nyumba. Alikuwa akitania, taya limepinda kidogo, kuhusu mahubiri marefu. Nikaona muda umefika, nikafungua bango langu na kulifunga ukutani.

"Limetoka zuri, waitu!" alisema Kaka. "Kumbe shule haikupotea yote."

Mdogo alisogea, panga mkononi, akiliangalia kwa tabasamu. Tabasamu likaondoka taratibu. Aliweka kidole chenye mafuta juu ya jiwe, akakisogeza hadi kwenye ua, akakirudisha.

"Mulamula uko wapi?"

"Nimeuficha tu," nilisema. "Haujafutika. Upo kwenye tabaka la chini."

"Aliyelala tabaka la chini ni Baba," alisema. "Huko ndiko mlikouweka?"

"Ndugu yangu, ni picha ya—"

"Wewe ndiye shahidi! Uliapa mbele ya wazee! Sasa unauondoa, unatundika ukutani kwa Mama ili watoto wakue wakijua mpaka ni ua?" Akamgeukia Kaka. "Ulimpa nini huyu msomi wako?"

Kaka angeweza kunyamaza. Akacheka. "Hata kompyuta imeona mpaka uko wapi."

Panga lilipita kwenye bango kwanza. Lilipasua ua langu kutoka juu hadi kwenye mashina, likagonga ukuta, chokaa ikaruka. Mara ya pili lilirudi kwa upande. Kaka aliinua mkono wa kulia kuzuia, na nikasikia sauti ileile niliyokuwa nikiisikia muda mfupi uliopita juu ya gogo. Mkono ulifunguka chini ya kiwiko. Kwa sekunde moja ndani palikuwa peupe, peupe kabisa, kama utomvu, halafu damu ikaja yote kwa pamoja. Kaka alimpiga mdogo kichwa usoni, mdogo akaanguka juu ya nyama, akainuka na panga, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yao mikono juu, nikirudia neno "tabaka" kama mwendawazimu.

Aliyewasimamisha ni Mama. Alikaa chini kwenye damu na gauni lake la misa, akasema kwa Kihaya, "Nimalizeni mimi kwanza."

Mdogo akautazama mkono wa Kaka kana kwamba umekatwa na mtu mwingine. Akaangusha panga. Akang'oa kipande cha bango kilichokuwa kinaning'inia, akakizungusha juu ya kiwiko cha Kaka na kukikaza kwa meno aliyobakiwa nayo. Waliondoka kwenye bodaboda moja, Kaka katikati, mdogo nyuma amemkumbatia. Nilifuata kwa nyingine.

Hospitali, muuguzi alifungua kitambaa changu chenye majani mekundu, akatazama jeraha, akatutazama.

"Hili ni panga. Nahitaji fomu ya polisi. Nani kakukata?"

Mdogo alikuwa ameegemea ukuta, pua imevimba, akingoja kutajwa.

"Nimejikata," alisema Kaka. "Nilikuwa napogoa ua."

"Mzee, jeraha liko mkono wa kulia. Unashika panga kwa mkono gani?"

Muuguzi akanigeukia mimi, mwenye miwani. "Wewe unaonekana mtu wa kuaminika. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," nilisema. "Anatumia wa kushoto. Tangu utoto."

Muuguzi akasukuma karatasi na kalamu mezani. "Basi aandike maelezo yake hapa, na aweke sahihi. Kwa huo wa kushoto."

Kaka, ambaye hajawahi kushika hata kijiko kwa mkono wa kushoto, alichukua kalamu. Karatasi ikamponyoka. Mdogo alitoka ukutani, akainama, akaishikilia kwa mikono yake yote miwili, na Kaka akaanza kuandika, herufi moja, halafu nyingine, akikunja mstari.